Hausdorff si mji wa Ujerumani: maisha ya mtu aliyejificha ndani ya madesa yenu

Leo siasa naiweka pembeni, wadau. Najua wengine mmefungua hapa mkitafuta habari za bungeni na bei ya mafuta. Zipo, shukeni chini mtazikuta. Hii ya leo ni ya wanachuo wa hisabati ambao wamekuwa wakilalamika kwenye maoni kuhusu kozi ya topolojia. Mmoja alisema anakariri tu kama kasuku ili avuke mtihani. Mwingine, na huyu alinichekesha kweli, aliuliza kama Hausdorff ni mji wa Ujerumani, maana jina linafanana na Düsseldorf.

Sio mji jamani. Ni mtu. Felix Hausdorff. Alikuwa na mke na binti, alipenda muziki, aliandika mashairi na tamthilia, na alikufa kifo ambacho mhadhiri wako pengine hajawahi kukugusia kwa sababu ubaoni kuna nafasi ya fafanuzi na nadharia tu. Mimi mwenyewe nilisoma hesabu kabla ya kuhamia kwenye mambo ya habari, na kwa miaka yote ya chuo jina lile lilikuwa kama jina la dawa: unalimeza, unasonga mbele. Basi leo tumtoe huyu mzee ndani ya madesa tumtazame vizuri. Mnaohesabu dakika pale kafe, hifadhini ukurasa mkausome taratibu baadaye, maana ni ndefu.

Alizaliwa tarehe 8 Novemba 1868 katika mji wa Breslau, ambao enzi hizo ulikuwa Prussia na leo uko Poland ukiitwa Wrocław. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Myahudi mwenye uwezo. Felix akiwa bado mtoto mdogo familia ikahamia Leipzig, na huko ndiko alikokulia na kusomea. Kijana alitaka muziki. Alitaka kuwa mtunzi. Mzee akakataa, unajua tena wazee na mambo ya muziki, na kijana akaishia kwenye hisabati. Hesabu haikuwa chaguo lake la kwanza, lakini mnaona wenyewe alikofika nayo.

Hata hiyo hesabu yenyewe alianza nayo kwa mlango wa nyuma. Shahada yake ya udaktari, mwaka 1891, ilihusu elimu ya nyota: jinsi mwanga wa nyota unavyopinda unapopita kwenye hewa ya dunia. Mwaka 1895 akapata ruhusa ya kufundisha chuo kikuu pale pale Leipzig. Kazi nzuri, ya kawaida, isiyomfanya mtu akumbukwe. Kama angeishia hapo nisingekuwa naandika haya.

Sasa hapa pana kituko. Mchana alikuwa Dk. Hausdorff wa chuo kikuu. Usiku alikuwa mtu mwingine kabisa anayeitwa Paul Mongré. Hilo ndilo jina la kalamu alilotumia, mchezo wa maneno ya Kifaransa wenye maana ya kwamba ninafanya nipendavyo. Kwa jina hilo alichapisha kitabu cha falsafa mwaka 1897, kingine mwaka 1898, na mkusanyiko wa mashairi mwaka 1900. Mwaka 1904 ikatoka tamthilia yake ya kuwakejeli mabwana wakubwa wa Ujerumani na ile desturi yao ya kuitana porini wapigane risasi eti kwa ajili ya heshima. Tamthilia ikapendwa! Ilichezwa zaidi ya mara 300 katika miji mbalimbali. Watu wangapi wenye nadharia kwa majina yao wamewahi kujaza ukumbi wa maonyesho? Mimi simjui mwingine.

Mwaka 1899 alimuoa Charlotte Goldschmidt, na mwaka 1900 wakapata binti, Lenore.

Mwaka 1901 kitivo kikapiga kura kumpandisha awe profesa mshiriki pale Leipzig. Kura 22 zilisema ndiyo, 7 zilisema hapana. Alipita, tena vizuri tu. Lakini mkuu wa kitivo alipopeleka pendekezo serikalini aliona ni lazima aongeze maelezo pembeni: kwamba wale saba hawakupinga kwa sababu ya kazi yake, walipinga kwa sababu ni Myahudi. Ikaandikwa kwenye karatasi rasmi, kwa wino, bila aibu. Huo ulikuwa mwaka 1901, wakati Hitler ni mtoto wa miaka 12. Nawaomba mlishike hilo, maana watu wengi wanadhani ile chuki ilianguka kutoka mbinguni mwaka 1933.

Majira ya joto ya mwaka huo huo alitangaza kozi ya nadharia ya seti. Hii ilikuwa taaluma changa, iliyoanzishwa na Georg Cantor aliyekuwa akifundisha Halle, mji jirani tu na Leipzig. Wakubwa wengi waliiona kama wazimu, kwa sababu Cantor alikuwa anasema kuna seti zisizo na mwisho zilizo kubwa kuliko nyingine zisizo na mwisho. Wanafunzi waliojitokeza kwenye kozi ya Hausdorff walikuwa watatu. Watatu! Akafundisha hivyo hivyo. Na kuanzia hapo nyota zikawekwa kando, seti zikamchukua moja kwa moja.

Haya, sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Usiruke, ndiyo sehemu yenye nyama.

Wengi wenu mmeambiwa topolojia ni elimu ya maumbo ya mpira. Una kikombe cha udongo mbichi chenye mkono wa kushikia. Ukikifinyanga taratibu bila kukata wala kutoboa wala kugandisha vipande, unaweza kukigeuza bangili: tundu la mkono wa kikombe ndilo linakuwa tundu la bangili. Chapati huwezi kuigeuza bangili bila kuitoboa. Basi kikombe na bangili ni ndugu, chapati ni ukoo mwingine. Mfano mzuri, unachekesha, kila mtu anauelewa. Halafu wiki ya pili mhadhiri anaandika ubaoni seti tupu, makutano ya seti, muungano wa seti, na darasa zima linajiuliza bangili imepotelea wapi.

Bangili haijapotea. Swali ni hili: kufinyanga bila kukata maana yake nini hasa? Maana yake ni kwamba vitu vilivyokuwa karibu vinabaki karibu. Ukikata, umetenganisha waliokuwa majirani. Kumbe kila kitu kinategemea neno moja, karibu. Na karibu ni nini?

Jibu la haraka ni umbali. Chukua rula, pima. Mfaransa Maurice Fréchet alionyesha mwaka 1906 kwamba unaweza kuzungumzia umbali hata kati ya vitu ambavyo si nukta za kwenye karatasi, mradi umbali wako ufuate masharti machache. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini fikiria vizuri: ukifinyanga kikombe kuwa bangili umbali wote unabadilika. Nukta zilizoachana sentimita moja sasa zimeachana tatu. Rula inasema kila kitu kimeharibika, wakati sisi tunasema hakuna kilichoharibika. Maana yake rula inajua mambo mengi kuliko tunayohitaji. Tunataka ukaribu usiohitaji rula.

Hapo ndipo Hausdorff alipoonyesha ubingwa wake. Mwaka 1910 alihamia chuo kikuu cha Bonn, na katika mihadhara yake ya kiangazi cha mwaka 1912 akawapa wanafunzi masharti ambayo baadaye yalikuja kuingia kwenye kitabu chake. Neno alilolitumia, ukilileta kwetu, ni ujirani. Kila nukta ina majirani zake, yaani seti fulani fulani za nukta zinazoizunguka. Hakusema ujirani una ukubwa gani. Hakusema una umbo gani. Alisema tu ujirani unapaswa uwe na tabia gani, na tabia zenyewe ni nne.

Ya kwanza: kila nukta ina angalau ujirani mmoja, na nukta yenyewe imo ndani ya kila ujirani wake. Hiyo haina ubishi, huwezi kuishi nje ya mtaa wako mwenyewe.

Ya pili: ukichukua ujirani wawili wa nukta moja, pale unapokutana ndani yake kuna ujirani mwingine wa nukta hiyo hiyo. Yaani daima unaweza kubana zaidi.

Ya tatu: ukichagua nukta nyingine yoyote iliyomo ndani ya ujirani wangu, nukta hiyo nayo ina ujirani wake uliomo wote ndani ya ujirani wangu. Hakuna anayesimama pembeni kabisa mguu mmoja ndani mmoja nje. Hii ndiyo roho ya kile mnachokiita seti wazi, wadau. Mkiambiwa seti ni wazi kama kila nukta yake ina ujirani uliomo ndani, ni sharti hili hili limevaa nguo nyingine.

Ya nne: nukta mbili zikiwa tofauti, unaweza kuipa kila moja ujirani wake, na ujirani huo wawili usiguse hata nukta moja ya pamoja.

Hiyo ya nne ndiyo iliyobeba jina lake. Mwalimu akisema nafasi hii ni ya Hausdorff, anachosema ni kwamba sharti la nne linatimia: tofauti zinaweza kutenganishwa.

Kwani haiko wazi? Kwenye mstari wa namba iko wazi sana. Chukua 2 na 3. Ujirani wa 2 uwe kutoka 1.9 hadi 2.1, wa 3 uwe kutoka 2.9 hadi 3.1. Haigusani. Lakini nawapa mfano ambao sharti linavunjika. Chukua mistari miwili ya namba, ilaze mmoja juu ya mwingine, halafu gundisha kila namba na mwenzake... isipokuwa sifuri. Sasa una mstari mmoja wenye sifuri mbili. Ujirani wa sifuri ya kwanza, hata uubane vipi, una namba ndogo ndogo za kulia na kushoto, na namba hizo hizo zimo kwenye ujirani wa sifuri ya pili. Huwezi kuzitenganisha. Na matokeo yake ni ya ajabu: mfuatano wa 1, nusu, theluthi, robo na kuendelea unakwenda kwenye sifuri zote mbili kwa mpigo. Kikomo viwili! Aliyesoma kalkulasi anajua kwamba kwa vurugu hiyo hakuna hesabu itakayokalika. Hausdorff aliweka sharti la nne ili nyumba isimame.

Na ule mwendelezo wa fankisheni uliowatesa mwaka wa kwanza, wa epsiloni na delta? Kwa lugha ya ujirani ni sentensi moja. Fankisheni ina mwendelezo kwenye nukta fulani kama, ukinipa ujirani wowote wa jibu lake, nami naweza kukupa ujirani wa nukta hiyo ambao fankisheni inaupeleka wote ndani ya ule wako. Basi. Hakuna epsiloni, hakuna kutoa, hakuna alama za thamani kamili. Na inafanya kazi kwenye namba, kwenye bangili, kwenye nafasi ambazo hakuna mtu anayeweza kuzichora. Binafsi nadhani ukielewa sentensi hiyo umeshaelewa nusu ya kozi, hiyo nusu nyingine ni kuzoea tu.

Mwaka 1913 alipata uprofesa kamili Greifswald, mji mdogo kaskazini karibu na bahari ya Baltiki, na mwaka 1914 kitabu kikatoka: Grundzüge der Mengenlehre, yaani misingi ya nadharia ya seti, kurasa karibu 500, kikiwa kimetolewa kwa heshima ya Cantor aliyekuwa bado hai. Bahati mbaya ya mwaka, sasa. Miezi michache baadaye Vita Kuu ikalipuka, ile ile iliyofika mpaka kwetu Tanga mwezi Novemba mwaka huo huo. Nani angesoma habari za ujirani wa nukta wakati majirani wa Ulaya wanapigana mizinga?

Kitabu kilisubiri. Vita ilipokwisha waliokidaka kwa nguvu walikuwa vijana wa Poland na wa Urusi. Warsaw walianzisha jarida zima la mambo hayo mwaka 1920, Fundamenta Mathematicae. Na kutoka Moscow, kiangazi cha 1924, vijana wawili walifunga safari wakamtembelea mzee Bonn, ambako alikuwa amerudi tangu 1921. Walikuwa Pavel Aleksandrov na Pavel Urysohn. Naam, ni Urysohn huyo huyo wa kwenye madesa yenu. Kila siku walikuwa wanaogelea kuvuka mto Rhine, mto mpana wenye mkondo, na Hausdorff hakupendezwa hata kidogo na mchezo ule. Hakukosea. Wiki chache baadaye, tarehe 17 Agosti 1924, Urysohn alizama baharini kwenye pwani ya Ufaransa. Alikuwa na miaka 26 tu. Ukiona nadharia ya Urysohn kwenye mtihani kumbuka aliyeiacha alikuwa na umri wa kaka yako.

Kuna mawili mengine lazima niyataje japo kwa haraka. Mwaka 1914 hiyo hiyo Hausdorff alionyesha namna ya kugawa uso wa tufe katika vipande vya ajabu vinavyovuruga akili yoyote inayoamini kwamba kila kitu kina eneo, na juu ya kazi hiyo Banach na Tarski walijenga fumbo lao maarufu mwaka 1924. Na katika makala iliyochapwa mwaka 1919 alitoa njia ya kupima dimensheni ambayo si lazima iwe namba nzima. Mstari ni 1, karatasi ni 2, lakini ile seti ya Cantor unayoipata kwa kukata theluthi ya katikati, kisha theluthi za vipande vilivyobaki, bila kuacha, ina dimensheni ya karibu 0.63. Miaka ya 1970 Mandelbrot alipowaonyesha watu maumbo yake ya fraktali kwa kompyuta, pwani zenye mikunjo ndani ya mikunjo, kipimo alichokitegemea kilikuwa cha mzee huyu.

Sasa tufike kule nisikopenda kufika.

Januari 1933 Wanazi walishika serikali. Mwezi Aprili ikaja sheria ya kuwafukuza Wayahudi kwenye kazi za umma. Hausdorff hakufukuzwa wakati ule, kwa sababu sheria iliwaacha kwanza waliokuwa watumishi wa serikali tangu kabla ya vita ya 1914. Akaendelea kufundisha. Novemba 1934 aliikatisha kozi yake katikati ya muhula. Machi 1935 akawa mstaafu. Kule Greifswald aliwahi kufanya kazi idara moja na mwanahisabati anayeitwa Theodor Vahlen. Huyo bwana sasa alikuwa ofisa mkubwa wa Wanazi kwenye wizara ya elimu Berlin, akisimamia vyuo vikuu. Watu waliofundisha idara moja, mmoja yuko juu wizarani na mwingine anaondolewa.

Aliendelea kufanya hesabu nyumbani. Makala yake ya mwisho kuchapwa ilitoka mwaka 1938, na ilitoka Poland, kwenye Fundamenta, si Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1938 alitimiza miaka 70. Usiku wa kuamkia tarehe 10, siku mbili tu baadaye, ndio ule usiku ambao Wanazi walichoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi nchi nzima. Sinagogi la Bonn nalo liliteketea tarehe 10.

Katika miaka ile makaratasi nayo yalikuwa yanamla mtu kipande kwa kipande. Herufi J kwenye pasipoti. Kodi ya adhabu kwa Wayahudi kulipia uharibifu waliofanyiwa wao wenyewe, hebu fikiria. Kuanzia Januari 1939 kila mwanamume Myahudi kulazimishwa kuongeza jina Israel kwenye jina lake. Septemba 1941 nyota ya njano kwenye nguo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanywa na wahuni wa mitaani. Yalifanywa na makarani, kwa fomu, kwa mihuri.

Kwa nini hakukimbia? Swali hilo watu wengi huliuliza kirahisi mno. Alijaribu. Mapema mwaka 1939 alimwandikia Richard Courant, mwanahisabati aliyekuwa ameshafukuzwa Göttingen akahamia New York, akimuuliza kama kuna uwezekano wa kupata nafasi ya utafiti Marekani. Haikupatikana. Mzee wa miaka 70, tajiri wa nadharia na maskini wa viza. Vyuo vya kule vilikuwa vinapokea maombi mengi ya wakimbizi, na nafasi zilikuwa kidogo, na zilikwenda kwa vijana. Sitaki kumlaumu Courant, alisaidia wengi. Lakini inauma kwamba mtu ambaye kila mwanafunzi wa topolojia duniani anataja jina lake alikosa kiti kimoja.

Wenzake wa Bonn? Waliomkimbia ni wengi. Mmoja aliyeendelea kwenda kubisha hodi ni Erich Bessel-Hagen, mwanahisabati wa chuo hicho hicho. Wayahudi walishazuiwa maktaba, kwa hiyo yeye alikuwa anamwazimia vitabu na kumpelekea nyumbani. Kitu kidogo, kitabu cha kuazima. Ila katika mji ule na mwaka ule hakikuwa kidogo.

Katikati ya Januari 1942 ikaja amri. Felix, Charlotte, na Edith Pappenheim, dada yake Charlotte aliyekuwa akiishi nao, waripoti kwenye jengo la watawa la Endenich, kitongoji cha Bonn, ambako Wayahudi wa mji huo walikuwa wanakusanywa. Siku waliyopangiwa ilikuwa tarehe 29. Kutoka Endenich watu walikuwa wanasafirishwa mashariki kwenda kuuawa.

Usiku wa tarehe 25 Hausdorff aliandika barua kwa rafiki yake mwanasheria Hans Wollstein, naye Myahudi. Alimwaga, alimwomba radhi kwa kumsumbua na mambo ya mwisho, akaeleza kwamba wangependa miili yao ichomwe. Tarehe 26 Januari 1942 wote watatu walikuwa wamekufa kwa mikono yao wenyewe. Alikuwa na miaka 73. Majivu yao yako makaburi ya Poppelsdorf, Bonn. Wollstein aliyepokea barua aliuawa baadaye Auschwitz.

Binti yao Lenore alinusurika vita.

Kilichofuata kinanishangaza hadi leo. Mzee alikuwa ameandika hesabu mpaka wiki zake za mwisho, bila jarida la kuchapa, bila mwanafunzi wa kumsomea. Yale makaratasi yote alikuwa ameyakabidhi kwa Hans Bonnet. Bonnet hakuwa mwanahisabati, alikuwa mtaalamu wa Misri ya kale, mtu wa mahekalu na maandishi ya mafarao. Nyumba yake ikapigwa bomu vitani. Akaokoa alichoweza, na alichoweza kilikuwa kingi: leo kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Bonn kuna karibu kurasa 26,000 za mwandiko wa Hausdorff. Mihadhara ya 1912 yenye yale masharti ya ujirani imo humo, ndiyo maana mimi na wewe tunajua ilifundishwa mwaka gani. Kuanzia mwaka 2001 kazi zake zikaanza kuchapwa upya katika majuzuu makubwa, hesabu pamoja na yale ya Paul Mongré, falsafa na tamthilia. Na tangu 2006 Bonn kuna kituo kikubwa cha utafiti wa hisabati kinachobeba jina lake.

Haya, wanachuo, zoezi. Nimesema kwenye ule mstari wenye sifuri mbili mfuatano mmoja ulipata vikomo viwili. Thibitisha kwamba kwenye nafasi ya Hausdorff jambo hilo haliwezekani. Dokezo: chukulia vikomo ni viwili tofauti, vipe ujirani usiogusana kwa sharti la nne, halafu jiulize mfuatano utakapofika mbali utakuwa umeingia upande upi. Mistari mitano inatosha. Atakayekuwa wa kwanza kuleta uthibitisho uliokamilika hapo chini kwenye maoni nitaupandisha ukurasa wa mbele pamoja na jina lake. Na yule mdau wa Düsseldorf, nakusubiri.